Kitenge Juu ya Mfuko

Katika miaka yote niliyoishi na binti yake, mama mkwe wangu hakuwahi kuniona nikitafuna. Nikienda kwake Itaka, chakula changu kililetwa chumba cha mbele na mtoto yeyote aliyekuwa karibu, na yeye akapotelea jikoni mpaka nimalize. Tukikutana kwenye njia ya shamba la kahawa, aliiacha njia, akasimama pembeni amenipa mgongo, kitenge kimeshuka hadi usoni, akingoja nipite. Salamu zetu zilikuwa za hivyo hivyo. Mimi niliusalimia mgongo wake, naye akaiitikia miti. Mchungaji wetu alishahubiri kwamba hayo ni mambo ya zamani, mkwe ni mzazi kama mzazi mwingine. Mama akasema amina pamoja na kanisa zima, kisha akatoka kwa mlango wa pembeni ili tusikutane.

Sikuwa na ugomvi na mila hiyo. Kusema kweli niliipenda, kwa sababu mtu asiyekutazama hapati nafasi ya kukudharau. Sikujua kwamba siku moja ingefika hadi hospitali, ikakaa nami kitandani.

Kazi yangu ilikuwa matairi. Tunduma malori hupanga foleni ndefu yakisubiri kuvuka mpaka, na lori linalosubiri halikosi pancha, kwa hiyo sisi mafundi tulikuwa tukitembea na jeki zetu kando ya foleni tukitafuta riziki. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na udongo wa pembeni ulikuwa laini. Niliweka ubao chini ya jeki kama kawaida. Ubao ukazama upande mmoja, jeki ikateleza, na ringi ikanishukia kwenye muundi wa kulia. Nilisikia mfupa kabla sijasikia maumivu.

Sikupiga kelele. Wenzangu walinivuta, wakanipakia kwenye gari, na njia nzima walikuwa wakisifu. "Huyu ndiye mwanaume," walisema. "Mguu umepinda vile na hata chozi hana." Nikajiona mtu. Ningekuwa na akili ningelia hapo hapo, nikazoea.

Kwenye hospitali niliyopelekwa, daktari alisema mifupa yote miwili imevunjika na nyama imepondeka, inabidi wanifungue waweke chuma. Ikaja sasa habari ya nani atakaa nami, maana hospitali zetu mgonjwa bila ndugu ni mzigo uliosahaulika stendi. Mke wangu alikuwa amejifungua kwa kisu muda mfupi uliopita na bado alikuwa akitembea ameinama. Mama yangu mzazi alishafariki. Kaka yangu alikuwa machimboni huko mbele ya Mkwajuni, na simu yake ilipatikana tu akipanda kilima. Mke wangu akanipigia kuniambia kwamba mama yake ameshatoka Itaka, yuko njiani.

"Yeyote," nilimwambia, "lakini si mama."

"Yeyote yupi?" akauliza.

Alifika na mkeka, ndoo, na vitenge viwili. Wodi ya wanaume ilikuwa imejaa na vitanda vilikaribiana kiasi kwamba mtu akigeuka anamgusa jirani. Mama akatandika mkeka wake chini karibu na miguu ya kitanda changu, akaketi ameelekea ukutani. Kutoka hapo hakugeuka. Chakula alikipakua kwa kupapasa, akakisogeza nyuma yake kwa mkono mmoja mpaka kikafika kwenye kikabati changu.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa dereva wa lori kutoka Zambia, jibaba la tumbo kubwa lililovunjika paja. Kwa kuwa mama hakutaka kusema nami moja kwa moja, alimfanya huyo dereva kuwa mkalimani. "Mwambie baba ale," mama alisema kwa ukuta. Dereva akanigeukia: "Mudala, mzee, mama anasema wewe kula." Maneno nilikuwa nimeyasikia kwa mama mwenyewe, lakini nilisubiri yaje tena kupitia dereva ndipo nijibu. Dereva alicheka mpaka paja likamuuma, na likimuuma alipiga mayowe bila haya. "Mawe, mayo! Mawe!" Wodi nzima ilimsikia akimwita mama yake. Nilimdharau sana yule bwana.

Jioni ya kabla ya upasuaji daktari alikuja kitandani kwangu. Alikuwa kijana, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala. Aliushika unyayo wangu, akabinya kidole gumba, akauliza kama nasikia. Nikasema nasikia.

"Sasa nisikilize," alisema. "Mguu uliopondwa unaweza kuvimba kwa ndani ukajinyonga wenyewe. Mimi kwa nje sitaona kitu. Kitakachoniambia ni maumivu yako. Yakizidi badala ya kupungua, sema. Piga kelele ukitaka. Ukinyamaza unaweza kuupoteza mguu huu."

Alisema kwa lugha rahisi kabisa. Nimekaa nikitafuta neno moja nisilolielewa katika maneno yale, ili nijitetee nalo, na sijalipata.

Asubuhi walinipeleka thieta. Dereva alikuwa ameshanitisha kwamba sindano ya mgongo humaliza nguvu za kiume, na nikaingia nikiwa na hofu mbili badala ya moja. Waliniketisha, wakaniambia nijikunje kama mtu anayeokota nati iliyodondoka chini. Sindano yenyewe ilikuwa baridi kuliko uchungu. Baada ya muda joto likashuka miguuni, miguu ikawa mizito, kisha ikawa haipo. Niliambiwa niinyanyue. Nilijitahidi kwa moyo wangu wote na hakuna kilichotikisika. Nesi wa kiume akanifunua, akaniingiza mpira wa mkojo. Sikusikia chochote, niliona tu mikono yake ikifanya kazi mahali ambapo nilijua ni kwangu. Niliona aibu ya ajabu, aibu isiyo na maumivu.

Wakaweka pazia kifuani ili nisione. Lakini masikio hawakuyaziba. Nilisikia drili. Nilisikia nyundo. Nilisikia daktari akiomba bisibisi, akaambiwa si hiyo, ile ndogo. Mwili wangu ulikuwa ukivutwa huku na huku kama gari juu ya jeki, nami nikijua kila sauti ni ya nini, kwa sababu ni sauti za kazi yangu. Nilitetemeka meno yakagongana. Nesi akaniwekea blanketi mabegani, akasema ni kawaida, ganzi huleta baridi. Nilimwamini, lakini pia niliogopa.

Niliporudishwa wodini, mama alikuwa pale pale, uso ukutani. Mfuko wa mkojo ukatundikwa kwenye chuma cha kitanda, upande wa mama, wazi kabisa, mkojo wangu ukionekana kwa kila mpita njia. Sista akamwita mama. "Mama, mfuko ukijaa unafungua hapa chini, unamwaga kwenye ndoo. Umeelewa?" Mama akasema ndiyo, bila kugeuka. Sista akanitazama, akautazama mgongo wa mama, akaondoka. Alikuwa peke yake na wodi nzima, hakuwa na muda wa mambo ya wakwe.

Nilitamani kitanda kipasuke kinimeze. Mama mkwe wangu hajaniona nikila ugali, sasa ataushika mkojo wangu kwa mikono yake. Nikamsikia akisimama. Alirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, akanyoosha mkono nyuma akapapasa chuma cha kitanda mpaka akaufikia mfuko, kisha akaufunika kwa kitenge chake kimoja. Akakipindisha kingo vizuri kikashika. Halafu akarudi kwenye mkeka.

Nilimshukuru moyoni kuliko nilivyowahi kumshukuru mtu. Alikuwa ameninusuru mbele ya wodi nzima na mbele yake mwenyewe. Nami nikaona niwe muungwana, nimsaidie: nisinywe maji. Nisipokunywa, mfuko hautajaa, na usipojaa hatalazimika kuumwaga. Maji aliyoniwekea niliyamimina kidogo kidogo kwenye bakuli la uji. Hivyo ndivyo watu wawili wenye adabu walivyopanga jambo lao bila kuambiana neno.

Alasiri ganzi ikaanza kutoka. Kwanza nilisikia ule mpira. Ulinichoma, ukanipa hamu ya kukojoa isiyoisha, nikawa nasukuma. Dereva, aliyewahi kuvikwa mpira huo, akaniambia nisisukume, mkojo unatoka wenyewe. Kisha mguu nao ukafika. Ulianza kama jino bovu. Baadaye ukawa unajaa, unajaa, kana kwamba kuna mtu anaupiga pampu kama tairi na hajui pa kuacha. Bendeji niliyofungwa ilikuwa imekaza. Nilijaribu kufikiria mambo mengine. Nilihesabu malori niliyoyakumbuka kwenye foleni, rangi zake, namba zake. Hayakusaidia.

Sista alipita na sinia la dawa. "Baba, unaendeleaje? Maumivu?"

Mama alikuwa hatua moja kutoka pale. Niliona jinsi mgongo wake ulivyonyooka kidogo, akisikiliza. Kwetu hata aliyefiwa akisalimiwa huanza na salama ndipo aseme amefiwa. Mimi niliishia kwenye salama.

"Salama, sista," nikasema. "Nashukuru Mungu."

"Unahitaji sindano?"

"Wape wanaohitaji."

Aliyehitaji alikuwa jirani yangu, ambaye alikuwa akimwita mama yake tangu adhuhuri. Akachomwa, akashukuru kwa lugha tatu, akalala akikoroma. Mimi nikabaki na uanaume wangu.

Usiku ule siutaki, nitausema kwa ufupi. Niling'ata ncha ya blanketi mpaka uzi ukabaki mdomoni. Maumivu yalifika mahali ambapo sikuweza tena kujua ni ya mguu au ni yangu mzima. Vidole vya mguu vikaanza kufa ganzi, na hapo, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani ni dawa ya mgongo imerudi kunihurumia. Dereva aliamka, akanisikia nikipumua.

"Mudala," alininong'oneza, "iwe, lila. Lia. Hapa hakuna mwanaume. Hapa kuna mguu tu."

"Mama atasikia," nikamwambia.

Akaguna. "Mama yako huyo halali. Anasikia tayari."

Nilitazama mkeka. Mama alikuwa ameketi, hakulala kweli, ameukumbatia ukuta kwa macho. Nafikiri alikuwa akisikia kila pumzi yangu, lakini nilikuwa nimesema salama, na mkwe akisema salama humbishii. Angegeuka kuniuliza angekuwa amenivua nguo. Kwa hiyo nilimtunzia heshima yake, naye akanitunzia yangu, mpaka kukapambazuka.

Alfajiri akasimama kumwaga mfuko. Alikuja kinyumenyume kama jana, akaondoa kitenge, akafungua kile kizibo cha chini kwa kupapasa, mkojo ukaingia kwenye ndoo. Ulikuwa kidogo. Akainua ndoo aende nayo chooni, na ilibidi aangalie anakokwenda, ndipo akaona kilichomo. Mtu aliyekulia kwenye kahawa anaijua rangi ya kahawa. Mkojo wangu ulikuwa mweusi hivyo.

Akageuka. Akanitazama usoni, mimi mkwe wake, nikiwa nimelala na jasho na uzi wa blanketi mdomoni. Sikuwa nimewahi kuyaona macho yake. Yalikuwa macho ya mke wangu, yale yale, ila yamezeeka.

"Baba," alisema, "unakufa na hunambii?"

Kisha akaitupa heshima yote chini akakimbia na ndoo yake kule kwa sista, akipiga kelele ambazo mimi nilipaswa kuzipiga tangu jana. Dereva akajiunga naye kwa Kibemba. Wodi nzima ikaamka kwa ajili ya mguu wangu.

Daktari alikuja akivaa koti njiani. Alikata bendeji kwa mkasi, akabinya kidole gumba, akauliza kama nasikia. Sikusikia. Akakinyoosha kile kidole, maumivu yakaupasua muundi mzima, nikapiga ukelele wangu wa kwanza, ukatoka wote kwa mkupuo. "Yalianza lini?" akauliza. Nikamwambia jana jioni. "Ulimwambia nani?" Alitazama ndoo, akatazama kitenge kilichokuwa kimeanguka sakafuni, na nadhani alielewa, maana naye ni mtoto wa huku huku. Hakunigombeza. Ningependa angenitukana.

Waliufungua mguu urefu wote ili nyama ipumue, wakauacha wazi, wakaniongezea maji mengi kwenye mshipa waokoe figo. Figo zikapona. Nyama haikupona. Kila walipofungua kuosha, walikuta sehemu nyingine imekufa, na harufu yake nikaijua kabla hawajaniambia. Sista aliyekuwa akinifunga vidonda alisema tu, "Mficha maradhi, baba, kilio humuumbua," akaendelea na pamba zake. Alikuwa na haki ya kusema. Wahenga wengine wanasema mvumilivu hula mbivu, na hao ningependa waje nionane nao.

Siku daktari alipokuja kusema inabidi wakate chini ya goti kabla sumu haijapanda, nilimfikiria mtoto wangu mchanga ambaye nilikuwa nimempakata mara chache tu. Nilifikiria jeki. Nani atampa kazi ya tairi mtu wa mguu mmoja? Mama alikuwa amesharudi ukutani kwake, na akajibu kutoka huko.

"Kateni, baba. Mtoto bado mdogo."

Safari hiyo niliomba wanilaze kabisa. Nilijua sauti ya msumeno na sikutaka kuisikia.

Nilipozinduka, sikusubiri kuulizwa. Nilidai sindano kwa sauti ya juu, nikamwita sista, nikamwita mama yangu aliyekufa, nikalia kama mtoto, kama yule dereva. Jirani yangu alinitazama, na safari hii hakucheka. Wiki iliyofuata aliruhusiwa. Alitoka kwa magongo, anachechemea, miguu yake yote miwili chini yake, akapunga mkono mlangoni. Simdharau tena. Namwonea wivu mpaka leo.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikuuliza: mguu ulikwenda wapi. Mke wangu ndiye aliyenieleza nilipofika nyumbani. Hospitali iliuliza kama ndugu wanataka kuuchoma kule wanakochoma taka au kuuzika. Kaka yangu alikuwa bado hajapatikana. Mama akasema taka hapana. Alivingirisha mguu kwa kitenge kile kile, akauweka kwenye boksi, akaupakata kwenye gari mpaka Itaka. Abiria wa pembeni akamuuliza amebeba nini kizito hivyo, akasema mzigo wa mkwe. Mchungaji alisema hana ibada ya mguu. Kwa hiyo alichimba mwenyewe kwa jembe lake, nyuma ya nyumba, kando ya mstari wa mwisho wa kahawa. Mwanamke ambaye hakuthubutu kuutazama unyayo wangu ukiwa hai aliubeba mapajani ukiwa umekufa.

Siku hizi nakaa mezani nikiuza vocha na betri, na malori yanapita. Mguu usiokuwepo unaniuma. Walinipa vidonge, vikasaidia kidogo, vikaacha. Kidole gumba ndicho kibaya zaidi, kinapinda, kinapinda, na nikipeleka mkono nikinyooshe nakuta shuka. Mke wangu akiniuliza nasema afadhali. Wateja wakiuliza nasema salama.

Msimu wa kuchuma kahawa uliopita tulikwenda Itaka. Nilikaa kwenye benchi nje, magongo yamelala kando yangu. Mama alikuwa mbele ya jiko anachambua kahawa kwenye ungo, amenipa mgongo. Tulikuwa tumesharudi kwenye desturi yetu, kana kwamba yale macho ya alfajiri ile hayakuwahi kutokea. Nilikuwa peke yangu naye, hapakuwa na mtoto wala dereva wa kupitishia maneno. Mikono yake ikaacha ungo.

"Baba," alisema kwa ile miti yake, "bado unauma?"

Salama ilikuwa tayari ulimini. Nikaimeza.

"Unauma, mama," nikasema. "Kidole gumba. Unauma sana, kila siku."

Kahawa zilikuwa zimetulia kwenye ungo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ya mtu aliyekuwa akijiuliza jambo hilo siku nyingi:

"Labda niliulaza vibaya."

Nilitaka kumwambia kwamba aliulaza vizuri, kwamba si yeye, kwamba daktari alishanieleza ni mishipa tu. Sikuweza. Nililia, kwa sauti, mdomo wazi, bila kung'ata kitu, kilio chote nilichobania kwenye blanketi lile. Mama akasimama. Hakugeuka na hakuondoka. Alisimama pale pale amenipa mgongo mpaka nilipomaliza.